Rojo ya karatasi kutoka kwa mgomba, maganda ya mahindi na mabua ya mpunga

Rojo nzuri, yaani nyuzi za mmea zilizolainishwa ambazo hufanywa karatasi, hupatikana kwenye sufuria, si kwenye kinu. Wengi wanaoanza kutengeneza karatasi kwa mabaki ya shambani hupika haraka haraka, kisha hutwanga kwa nguvu wakidhani mchi utamaliza kilichobaki. Hautamaliza. Nyuzi za mmea zimeshikana kwa gundi ya asili inayoitwa lignini, na gundi hiyo huyeyushwa na alikali (kinyume cha asidi, kama magadi au maji ya majivu) pamoja na moto. Nyuzi ambayo haijaachiliwa na gundi yake hukatika vipande inapotwangwa, na karatasi yake huwa na vibanzi na huchanika ovyo. Kwa hiyo mwongozo huu unakaa sana kwenye vipimo na upishi, na unapita upesi kwenye mengine.

Kuchagua mabaki

Mgomba ndio bora kwa anayeanza. Ni ndugu wa abaka, mmea wa Ufilipino ambao nyuzi zake ndefu na imara hutumika kutengeneza karatasi za vifuko vya chai. Mgomba huzaa mkungu mmoja tu kisha hukatwa, kwa hiyo kuanzia Bukoba na Rungwe hadi Kisii na sehemu nyingi za Uganda mashina hayakosekani. Kinachowashangaza wengi ni maji: zaidi ya asilimia 90 ya uzito wa shina bichi ni maji matupu. Shina la kilo 30 likishakwanguliwa na kukauka mara nyingi halifiki kilo moja ya nyuzi. Panga usafiri wako kwa hesabu hiyo, na ukwangulie shambani ili usibebe maji barabarani.

Maganda ya mahindi, yaani yale majani yanayofunika hindi, yana lignini kidogo, hupikika upesi na hutoa karatasi laini yenye rangi ya maziwa yaliyochacha. Magunzi yaache, nyuzi zake ni fupi mno. Mabua ya mahindi yanawezekana, lakini lazima utoe moyo wake mweupe wa sponji, kwa sababu hunywa alikali yako bila kukupa nyuzi.

Mabua ya mpunga, yale yanayochomwa moto kila msimu Mbarali, Kyela au Mwea, yana nyuzi fupi za milimita moja hadi moja na nusu hivi, na yana silika nyingi, yaani madini magumu kama ya mchanga. Rojo yake huchuja maji polepole na karatasi yake pekee ni dhaifu. Ichanganye na rojo ya mgomba au ya mkonge, sehemu 3 za mpunga kwa sehemu 1 ya nyuzi ndefu, nayo itasimama vizuri.

Makapi ya miwa hupatikana bure kwa wauza juisi mijini, ila yana sukari. Yasuuze siku hiyo hiyo. Yakilala yanachacha na kuota ukungu unaotia madoa yasiyotoka. Yakikauka yatwange kidogo na uyapepete kwa chekeche ya matundu makubwa: unga wa sponji utashuka, nyuzi zitabaki juu.

Tahadhari mbili kabla hujabeba panga. Kwanza, mabaki ni mbolea na matandazo ya mkulima, hasa kwenye kibanja cha migomba ambako potasiamu hurudi udongoni kupitia mashina. Chukua mashina, acha majani yote, na usikombe shamba zima. Pili, mgomba wenye mnyauko wa bakteria usiuguse wala usiuhamishe. Dalili zake ni majani kunyauka na kuwa manjano, ndizi kuiva kabla ya wakati na usaha wa rangi ya krimu kutoka shina linapokatwa. Panga lililokata mgomba mgonjwa hupeleka ugonjwa kwa mzima, kwa hiyo lipitishe motoni au lioshe kwa maji ya klorini kila unapohama shamba.

Kuandaa

Kata shina muda mfupi baada ya kuvuna mkungu. Banduabandua maganda yake moja moja. Yale ya nje kabisa, yaliyokauka na kuwa kahawia, hutoa karatasi nyeusi na yenye mchanga, yaweke kando. Moyo wa katikati ni laini na hauna nyuzi za maana, ng'ombe ataufurahia. Yanayofaa ni maganda ya katikati.

Weka ganda juu ya ubao, upande wa ndani uangalie juu, na ulikwangue kwa kisu butu au ukingo wa kipande cha chuma bapa, ukivuta kuelekea kwako. Nyama yenye majimaji hutoka na nyuzi hubaki zimenyooka. Kisu kikali hakifai, kinakata nyuzi. Vaa nguo za kazi, maana utomvu wa mgomba ukigusa shati hautoki tena.

Kisha katakata urefu wa sentimita 2 hadi 3. Hapa watu huteleza kwa kudhani nyuzi ndefu zaidi ni bora zaidi. Nyuzi za sentimita 8 husokotana wakati wa kupiga, hutengeneza vishungi kwenye beseni, na kama unatumia blenda hujizungusha kwenye kisu mpaka mota inaungua. Maganda ya mahindi na mabua ya mpunga nayo yakatwe hivyo hivyo. Mabua ya mpunga yakung'ute kwanza. Vumbi na masalia ya masuke huonekana kwenye karatasi kama vidoadoa.

Anika mpaka yakauke kabisa, kisha pima kwa mizani. Vipimo vyote vya alikali vinavyofuata ni kwa kilo 1 ya malighafi kavu. Ukipima mabichi hujapima chochote. Baada ya kupima, loweka kwenye maji safi usiku kucha na mwaga maji hayo, yanatoka na rangi na sukari ambazo zingekula alikali yako.

Alikali gani, na kiasi gani

Magadi soda ya kiwandani (sodiamu kabonati, si ile bikabonati ya kuumulia mikate), ule unga mweupe mkavu unaouzwa kwa mifuko, ndiyo chaguo salama kwa mgomba na maganda ya mahindi. Tumia gramu 200 kwa kilo moja kavu, ndani ya maji lita 15.

Magadi ya mawe yanayouzwa sokoni kwa ajili ya kupikia maharage ni ya jamii hiyo hiyo, lakini sehemu yake ni bikabonati, ambayo ni dhaifu, na yana maji na udongo ndani. Bikabonati hugeuka kuwa kabonati pole pole kadiri inavyochemka. Ili kufikia nguvu ya gramu 200 za magadi soda safi utahitaji gramu 300 hadi 350 za mawe. Yayeyushe kando kwenye maji ya moto, acha udongo utuame, utumie maji ya juu tu.

Maji ya majivu yanafanya kazi pia, na ndiyo njia ya bei ndogo kuliko zote. Chukua majivu ya kuni ngumu au ya maganda ya ndizi yaliyochomwa, yachekeche, yaweke kwenye ndoo yenye matundu chini na kitambaa, umwagie maji ya moto na ukinge yanayotiririka. Yarudishe juu mara mbili tatu. Yakiteleza kati ya vidole na karatasi ya kupimia pH, yaani ukali wa alikali au asidi, ikionyesha 11 au zaidi, yanafaa. Osha vidole mara moja baada ya kujaribu. Faida yake kubwa ni kwamba alikali yake ni ya potasiamu, haiharibu udongo kama sodiamu.

Kostiki soda ni kali kuliko zote. Mabua ya mpunga na makapi ya miwa huihitaji: gramu 100 kwa mpunga, gramu 120 hadi 150 kwa miwa. Vaa glavu ndefu za mpira, miwani ya kukinga macho na viatu vilivyofunika mguu. Kostiki hutiwa kwenye maji baridi, kidogo kidogo huku ukikoroga kwa mti. Usimwage maji juu ya kostiki, itachemka ghafla na kukurukia. Ikikugusa, suuza kwa maji mengi yanayotiririka, na jichoni suuza mfululizo dakika 20 huku mtu akitafuta usafiri wa hospitali. Usipake ndimu wala siki kwenye jicho. Watoto wasikaribie mahali hapo.

Sasa sufuria. Sufuria nyingi za majumbani kwetu ni za alumini, na alikali huila alumini: maji yanageuka kijivu, sufuria inatoboka, na gesi ya haidrojeni inayotoka hushika moto. Tumia chuma cha pua, chombo cha enameli kisichobanduka, au nusu ya pipa la chuma ambalo halikuwahi kubeba dawa wala mafuta machafu na limechomwa ndani kuondoa rangi. Pipa la chuma tupu litafanya rojo iwe nyeusi kidogo. Kwa karatasi ya kahawia haidhuru. Mwiko uwe wa mti, na chombo hiki kisirudi jikoni kamwe.

Kupika

Chombo kiwe na ujazo wa lita 25 au zaidi, kwa sababu povu hupanda. Yeyusha alikali kwanza, ndipo utie malighafi iliyolowekwa. Maji yafunike kila kitu. Kinachoelea nje hakiivi. Chemsha, kisha punguza moto ubaki unatokota taratibu. Geuza chini juu kila nusu saa na uongeze maji ya moto yakipungua. Fanya kazi hii nje au penye upepo, mvuke wake unachoma koo.

Maganda ya mahindi huchukua saa 2. Mgomba saa 2 hadi 3. Mpunga kwa kostiki saa moja na nusu hadi 2, miwa saa 3 hadi 4. Lakini saa ni makadirio tu, jaribio ndilo linaloamua. Chota nyuzi chache, zisuuze, ushike ncha mbili na uvute kwa urefu. Zilizoiva huachana kwa ulaini na kuwa nywele nyembamba. Kisha zipasue kwa upana kwa kucha: zikifunguka kama pamba iliyolowa, umefika. Zikigoma, au ukisikia mlio wa kukatika, endelea nusu saa kisha jaribu tena. Jaribu vipande vinene kuliko vyote, maana vyembamba vitakudanganya.

Ikipita saa 3 na hakuna mabadiliko, pima pH. Ikiwa imeshuka chini ya 9, alikali imekwisha na moto peke yake hautasaidia. Ongeza robo ya kiasi cha mwanzo, ikiwa imeyeyushwa. Hali hii huwakuta sana waliopima malighafi ikiwa haijakauka vizuri au waliotia sponji na nyama ya shina pamoja na nyuzi.

Kuna kupitiliza pia. Nyuzi zilizopikwa kwa kostiki nyingi mno huwa uteute, hupotea kwenye maji ya kuoshea, na karatasi yake hukakamaa na kuvunjika ikikunjwa. Ukiona uzito wa rojo kavu umeshuka chini ya theluthi ya malighafi, punguza alikali mara ijayo kabla ya kupunguza muda.

Njia nzuri ya kuokoa kuni: zikikaribia kuiva, ondoa moto, funika chombo kwa magunia mazito na uache mpaka asubuhi. Joto lililobaki litamalizia.

Kuosha, na maji meusi

Mwaga kwenye wavu wa dirisha uliotandikwa juu ya kikapu au fremu. Usitumie chandarua chenye dawa. Dawa yake huua samaki ikifika mtoni. Osha kwa maji mara nyingi, ukikamua kila mara, mpaka maji yatoke meupe, yasiteleze mkononi, na pH iwe kati ya 7 na 8. Uvivu hapa hulipwa baadaye: alikali inayobaki ndani hufanya karatasi iwe ya manjano na ikatike baada ya miezi.

Maji meusi yanayotoka sufuriani yana alikali na lignini. Yakiingia kwenye kijito hunyang'anya samaki hewa. Kwanza yatumie tena: yatoshe kupika mkupuo wa pili ukiongeza nusu ya alikali mpya. Yakichoka, ya magadi na kostiki yapunguzwe makali kwa siki mpaka pH ifike 7 hadi 8, kisha yamwagwe kwenye shimo lililojazwa maranda na takataka za shamba, mbali na kisima na mbali na mazao, maana sodiamu hugandisha udongo. Ya majivu, yakishapunguzwa kwa maji mengi, yanaweza kwenda kwenye lundo la mboji. Anayetaka kupanua kazi kuwa ya kibiashara aulize masharti ya maji taka mapema kwa mamlaka ya mazingira ya nchi yake.

Kupiga

Kinu na mchi vinafaa kabisa, mradi kinu hicho kisitwange tena chakula. Weka kiasi cha ngumi mbili za nyuzi zilizokamuliwa na upige dakika 20 hadi 40, ukigeuza. Lengo si kukata. Ni kuponda ngozi ya nyuzi ili zitoe vinyweleo vitakavyoshikana karatasi inapokauka. Hakuna gundi nyingine inayoishikilia karatasi zaidi ya mshikamano huo.

Blenda hukata zaidi ya kuponda, hivyo karatasi yake ni dhaifu kidogo, lakini kwa maganda ya mahindi inatosha. Tia ngumi moja ndogo kwa lita moja ya maji, sekunde 20 hadi 30, pumzisha mota. Ukiisikia inalia kwa uzito, zima upesi. Utakuta nyuzi zimejifunga kwenye kisu.

Kujua kama imetosha, tia kijiko kimoja kwenye chupa ya kioo yenye maji safi, tikisa, ushike kuelekea mwanga. Unatakiwa uone wingu moja linaloelea sawasawa. Vishungi maana yake bado. Vijiti vinavyometa maana yake upishi haukukamilika, na hivyo hakuna mchi utakaoviondoa; vichuje uvirudishe sufuriani. Ukipiga kupita kiasi rojo inakuwa ya kuteleza, maji hayachuji kwenye wavu, na karatasi inajikunja ikikauka.

Kuhusu weupe, ushauri wetu ni kuiacha rangi ya asili. Dawa ya klorini ya kufulia hudhoofisha nyuzi, na ikikutana na lignini hutengeneza sumu zinazodumu kwenye maji. Kama lazima iwe nyeupe, tumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa, kwenye rojo iliyooshwa vizuri, ikiwa na magadi soda kidogo kufikisha pH 10 hadi 11, kwenye maji ya nyuzijoto 60 kwa saa moja hadi 2. Isifanyike kwenye pipa la chuma, kutu huiharibu peroksaidi kabla haijafanya kazi.

Kupima rojo kwa karatasi

Rojo iliyokamuliwa bado ina maji mengi, kwa hiyo pima ukavu wake. Chukua gramu 100, zianike mpaka zikauke kabisa, upime tena. Zikibaki gramu 15, rojo yako ina ukavu wa asilimia 15.

Karatasi ya ukubwa wa A4 yenye uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba inahitaji gramu 5 za nyuzi kavu, kwa kuwa A4 kumi na sita hufanya mita moja ya mraba. Kilo moja ya malighafi iliyokwanguliwa vizuri hutoa gramu 400 hadi 500 za rojo kavu, yaani karatasi 80 hadi 100. Kwa beseni la lita 40 tia gramu 200 kavu, ambazo kwa rojo ya asilimia 15 ni kilo 1 na gramu 330 hivi. Koroga kwa mkono kabla ya kila karatasi, na ongeza rojo kidogo baada ya karatasi nne tano, la sivyo za mwisho zitakuwa utando.

Fremu ya mbao yenye wavu uliovutwa barabara, tundu lisizidi milimita moja, huzamishwa kwa pembe, huinuliwa ikiwa bapa na kutikiswa mbele nyuma, kulia kushoto, kabla maji hayajaisha. Karatasi hugeuziwa juu ya kitambaa kilicholowa, na rundo hukandamizwa kati ya mbao mbili kwa jeki ya gari. Mashimo katikati ya karatasi huonyesha wavu una mafuta au rojo ni nyepesi. Upande mmoja kuwa mnene huonyesha uliinua fremu ikiwa imeinama.

Wino ukisambaa, paka karatasi kavu jelatini ya gramu 20 hadi 30 kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu, uikaushe tena. Wanga wa muhogo uliopikwa, gramu 30 kwa lita, huifanya iwe ngumu na laini kwa kalamu ya wino mzito, ingawa hauzuii maji vizuri kama jelatini. Wanga, si unga: paruza muhogo, chuja, acha utuame, uchukue kinachoganda chini.

Rojo isiyotumika ikamuliwe na ikae kivulini, mahali pa baridi. Kwenye joto la pwani huanza kunuka baada ya siku 2 au 3. Kwa kuihifadhi muda mrefu ianike ikiwa vidonge vyembamba visivyozidi unene wa kidole. Nyuzi zilizokaushwa hukakamaa, kwa hiyo siku ya kuzitumia ziloweke saa 24 kisha uzipige tena dakika 10.